Divai ya Asali Katika Nchi ya Singida: Jina Lake, Desturi Zake, na Namna ya Kuanza Kuitengeneza

Mtu akiuliza habari za divai katika mkoa wa Singida, huelekezwa upande wa mashariki, kwenye mizabibu ya Dodoma, au huonyeshwa chupa zilizoletwa kutoka ng'ambo. Ni nadra kuelekezwa kwenye mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini. Hata hivyo nchi hii ilikuwa na divai yake kabla mzabibu haujapandwa Ugogo, nayo ilifanywa kwa asali. Makusudi ya maneno haya ni kueleza mambo matatu. Kwanza, kwamba kinywaji cha asali kwa tabia yake ni divai, wala si ndugu wa pombe ya nafaka. Pili, kwamba desturi ambazo wazee walikizungushia zilikuwa na sababu njema. Tatu, kwamba mtu atakaye leo kuanza kutengeneza divai nyumbani kwake katika Singida yafaa aanze na asali, akishika mafundisho ya wazee pamoja na yale ya elimu ya siku hizi.

1. Habari za majina

Kiswahili kina majina mengi ya vileo, na kila jina lina safari yake. Neno pombe ndilo lililo pana kuliko yote. Hutumika hasa kwa kinywaji cha nafaka, lakini watu wengi hulitumia kwa kila kitu kilevyacho. Tembo ni la mnazi, na watu wa pwani hawalichanganyi na pombe. Mvinyo ni neno la Kireno, vinho, lililobaki pwani baada ya Wareno wenyewe kuondoka. Divai ni neno la Kifaransa, du vin, nalo limeingia na kiambishi chake cha mbele, kama mgeni aingiaye nyumbani bila kuvua kofia. Biblia ya Kiswahili cha Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, yatumia divai katika habari ya arusi ya Kana, na mahali pengine yatumia mvinyo. Basi majina hayo mawili yamekaa pamoja katika kitabu kimoja bila ugomvi.

Kwa kinywaji cha asali watu wa bara wana neno wanzuki, ambalo limeenea katika Kiswahili cha Tabora na nchi zilizo jirani nayo. Asili yake haifichiki: katika Kinyamwezi na Kisukuma nzuki ni nyuki. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kiswahili kimelihifadhi neno la Kibantu kwa mdudu, yaani nyuki, lakini kwa kazi ya mdudu huyo kimelichukua neno la Kiarabu, asali. Lugha za bara hazikufanya hivyo. Msukuma husema nzuki na buki, nyuki na asali, na maneno yote mawili yatoka katika shina moja. Kwa mtu wa pwani asali ilikuwa pia bidhaa ya sokoni, yenye jina la sokoni. Kwa mtu wa bara ilibaki na jina la ukoo wa yule aliyeitengeneza.

Je, yafaa kuita wanzuki divai? Wengine watasema kwamba divai ni ya zabibu tu. Lakini jina la kitu lapasa kufuata namna kinavyofanyika, na kwa kipimo hicho asali iko upande wa zabibu.

2. Tofauti ya divai na pombe

Kila kileo chatoka katika sukari. Chachu ni viumbe hai, vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja. Vikiingia katika maji ya sukari huila, na kuigeuza kuwa vitu viwili: kileo, na hewa iitwayo kabonidioksaidi, ambayo ndiyo ifanyayo povu. Wazee waliiona kazi hiyo bila kumwona mfanyakazi. Louis Pasteur wa Ufaransa, katika majaribio aliyoyafanya kuanzia mwaka 1857, alionyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alionyesha kwamba hata utomvu uliokamuliwa katika chachu waweza kuifanya kazi hiyo, naye akapewa Nishani ya Nobel mwaka 1907.

Sasa mtama na uwele havina sukari ya kutosha. Vina wanga, na chachu ya kawaida haiwezi kuula wanga. Ndiyo maana pombe ya nafaka huanza na kimea. Nafaka hulowekwa, huachwa iote, huanikwa, husagwa. Na ndani ya mbegu iotayo hutokea nguvu ya kuugeuza wanga kuwa sukari. Kisha unga hupikwa, huchanganywa na kimea, huachwa uchachuke. Ni kazi ya siku nyingi, nayo hutaka kuni, maji na jiwe la kusagia. Katika nchi hizi ni kazi ya wanawake.

Zabibu na asali hazihitaji haya. Sukari yake iko tayari. Zabibu imeipata katika jua na mzabibu. Asali imeipata katika maua, nayo nyuki wameikausha kwa mbawa zao mpaka maji yaliyomo yamepungua, hata hayafiki sehemu moja katika tano. Katika ukavu huo chachu haiwezi kufanya kazi, na kwa hiyo asali nzuri hukaa miaka bila kuharibika. Ikitiwa maji tu, chachu huamka. Basi mwenye kufanya divai hana kazi ya kuumba sukari; ana kazi ya kuilinda na kungoja. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya divai na pombe, na wanzuki yaangukia upande wa divai.

Wala Singida haiko peke yake. Katika vyungu vya Jiahu, nchi ya China, vilivyo na umri wa miaka karibu 9,000, wataalamu wameona mabaki ya kinywaji cha mchele, asali na matunda. Wahabeshi wana tej yao, na Wakikuyu wana muratina. Watu wa kaskazini ya Ulaya, ambako mzabibu haustawi, walikunywa divai ya asali karne nyingi kabla ya divai ya zabibu kuwafikia kwa wingi.

3. Nchi na nyuki wake

Singida ni nchi ya juu, kadiri ya mita 1,500 juu ya bahari, yenye mvua chache za msimu mmoja na kiangazi kirefu. Kusini yake, katika Manyoni na Itigi, ndiko iliko ile nchi ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857 katika safari yao kutoka pwani kwenda Kazeh, yaani Tabora, na Henry Stanley aliipita mwaka 1871. Kwa misafara ilikuwa nchi ya kiu na vichaka visivyopenyeka. Lakini kile kichaka kilichomtesa mpagazi ndicho kilichomlisha nyuki, kwa kuwa miti na vichaka vya Itigi hutoa maua mengi mvua zinyeshapo. Asali ya Manyoni na Itigi yasifiwa mpaka leo katika masoko ya nchi nzima.

Kaskazini, katika wilaya ya Mkalama na kando ya ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao asali kwao ni chakula kikubwa. Hupiga mluzi, na ndege aongozaye watu penye asali huwajibu na kuwatangulia mpaka kwenye mti. Asali yao tangu zamani imebadilishwa na majirani wao Waisanzu kwa nafaka na chuma. Hivyo asali ilikuwa daraja kati ya watu wasiolima na watu wanaolima.

Biashara ya nta nayo iliingia hapa. Tangu wakati wa Wajerumani nta ya Tanganyika iliuzwa ng'ambo, na Waingereza waliiendeleza biashara hiyo. Mrina asali alijikuta na vitu viwili: nta, iliyotakiwa Ulaya na yenye kuchukulika kwa urahisi, na asali, iliyo nzito, ivujayo, na isiyo na mnunuzi wa mbali. Njia iliyo nyepesi ya kuvitenga ilikuwa kuyaosha masega katika maji. Nta ilikwenda kwa mfanyabiashara. Maji matamu yalibaki mtungini, yakachachuka. Kwa hiyo mishumaa ya ng'ambo na vibuyu vya bara vilitoka katika sega moja, na sehemu kubwa ya asali ya nchi ilinywewa badala ya kuliwa. Hali hii ilianza kubadilika asali yenyewe ilipopata soko, hasa baada ya wafugaji wa nyuki wa Tabora kufanya ushirika wao mwaka 1962.

4. Desturi na kiasi

Yatupasa kuangalia ni nani aliyekuwa mwenye kinywaji hiki. Pombe ya nafaka ilitoka katika shamba na jiwe la kusagia, na kwa Wanyaturu ilikuwa malipo ya kazi: mwenye shamba aliwaita jirani wamlimie, nao jioni wakanywa. Ilikuwa ya wengi, na ilikuwa nyepesi. Asali ilitoka porini, katika mizinga ya wanaume, nayo haikupatikana kila mwezi. Kwa hiyo kinywaji chake kilikuwa cha wachache na cha siku maalumu.

Desturi hii yaonekana wazi kwa Wadatoga, ambao majirani zao katika Singida huwaita Wataturu. Kwao kinywaji cha asali ni cha wazee na cha mambo mazito: mabaraza ya ukoo, na hasa mazishi makubwa yaitwayo bung'eda. Mzee wa heshima akifa, kaburi lake hujengewa kilima cha udongo, na shughuli huchukua miezi mingi; asali nyingi hukusanywa ili watu wa ukoo na marafiki wapate kunywa kwa heshima ya marehemu. Kijana hachukui kibuyu apendapo.

Msomaji asidhani kwamba huo ni wivu wa wazee tu. Asali ikichachuka mpaka mwisho hutoa kileo chenye nguvu mara mbili au tatu kuliko pombe ya uwele. Watu walikijua hicho wakakiwekea mipaka mitatu: majira, kwa kuwa hakuna asali nje ya wakati wa kurina, watu, kwa kuwa wazee ndio waliokuwa na haki, na sababu, kwa kuwa hakikunywewa pasipo jambo.

Tena iko faida nyingine, ambayo katika nchi kavu si ndogo. Pombe ya nafaka hula ghalani. Katika njaa ile ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, watu wengi walikufa Ugogo, na Manyoni ni sehemu ya nchi hiyo. Mwaka kama huo kila debe la uwele lililofanywa kimea ni debe lililotolewa kinywani mwa mtoto. Divai ya asali haigusi ghala. Maua yaliyomlisha nyuki hayakulimwa na mtu.

Mipaka ya wazee ililegea kinywaji kilipokuwa bidhaa. Reli ya kati ilipita Manyoni na Itigi, nayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Miji ikakua, na katika miji ya Tanganyika serikali ya Waingereza ikaweka masoko ya pombe chini ya leseni. Mwenye kuuza hakungoja majira ya kurina. Sukari ya dukani ikaingia mahali pa asali, na hamira ya mkate mahali pa chachu ya wazee, mpaka ikawezekana kuuza kitu kiitwacho wanzuki ambacho nyuki hakukiona. Jina lilibaki, na mnunuzi alilipa kwa ajili ya jina. Kwa sababu hii watu wengi wenye heshima zao waliidharau wanzuki, wakadhani kwamba divai njema yaweza kutoka nchi za mbali peke yake.

5. Chachu ya wazee

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki asali na maji havikuachwa peke yake. Wakikuyu hutia tunda la mwegea, lile refu lining'iniao kwa kikonyo kirefu, baada ya kulipasua na kulikausha. Wamasai hutia mizizi ya mshubiri, na Wadatoga nao wana mizizi yao. Wahabeshi hutia majani na vijiti vya gesho. Mtu asiyejua aweza kusema kwamba hayo ni uganga. Sivyo.

Kwanza, nyuzi za tunda au mzizi zilizotolewa katika kinywaji cha jana na kuanikwa hubeba chachu hai mpaka kinywaji cha kesho. Mwanamume aliyelitunza tunda lake kavu juu ya moshi wa jiko alikuwa akitunza kundi lake la chachu, kama vile mfugaji atunzavyo mbegu ya ng'ombe wake. Pili, asali ina sukari nyingi lakini ina chakula kichache cha namna nyingine, na chachu ikikosa chakula hicho hufanya kazi polepole na kuchoka. Vitu vya mimea huongeza kidogo kile kilichopungua. Kwa sababu hiyo hiyo masega yaliyooshwa pamoja na chavua yake yalichachuka upesi kuliko asali safi iliyochujwa. Wazee hawakuzijua sababu hizi, lakini walijua matokeo yake, wakayashika.

6. Namna ya kuanza

Mwenye kuanza na aanze kwa kidogo. Lita moja ya asali yatosha kumfundisha. Ikiharibika hasara si kubwa.

Atafute asali iliyoiva, ile ambayo nyuki wameifunika kwa nta katika sega, isiyochanganywa na majana wala majivu ya moshi. Achemshe maji, ayaache yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, kisha aikoroge asali humo. Kiasi cha maji ndicho kitakachoamua nguvu ya divai. Lita moja ya asali ina uzito wa kadiri ya kilo 1.4, na sehemu nne katika tano za uzito huo ni sukari. Kila gramu 17 za sukari katika lita ya kinywaji hutoa kadiri ya sehemu moja ya kileo katika mia. Basi lita moja ya asali kwa lita nne za maji hufanya divai ya sehemu kama 13 katika mia, yaani nguvu ya divai ya zabibu. Kwa lita sita za maji hufanya iliyo nyepesi, ya sehemu kama 9. Anayeanza asizidishe asali, kwa kuwa maji mazito mno huilemea chachu.

Chombo kiwe cha kioo, au cha udongo uliopakwa kigae, au cha plastiki iliyofanywa kwa ajili ya chakula. Debe au ndoo ya bati la zinki isitumike kamwe, kwa sababu ukali wa divai hula zinki na kuifanya sumu. Kila kitu kioshwe kwa maji ya moto. Chombo kisijazwe, robo yake iachwe tupu, kwa ajili ya povu.

Kisha atie chachu. Chachu ya divai ikipatikana ndiyo bora, kwa kuwa huzama chini vema mwishoni. Hamira ya mkate huweza kazi, ila huacha ladha yake. Atie pia ukwaju kidogo uliolowekwa, upatikanao kwa urahisi katika nchi hizi kavu, ili kuipa divai uchachu. Na zabibu kavu kiganja kimoja, ziwe chakula cha chachu badala ya mizizi ya wazee.

Chombo kifunikwe kwa namna itakayoiacha hewa itoke, lakini inzi na hewa ya nje visiingie. Njia njema ni kutoboa kizibo, kupitisha mpira mwembamba, na kuutia mwisho wake katika kikombe cha maji; hewa itatoka ikibubujika. Mtu asikaze kizibo kabisa, maana chombo chaweza kupasuka na kumjeruhi. Kiwekwe penye kivuli. Wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Singida huilaza chachu, na kazi huchelewa, hilo lisimtishe.

Hapo ndipo wanzuki na divai ziachanapo njia. Mwenye kutaka wanzuki ya haraka huinywa baada ya siku chache, ingali tamu na yenye povu. Mwenye kutaka divai hungoja. Baada ya majuma kadhaa mabubujiko hukoma. Aihamishe polepole katika chombo kingine safi, ayaache mashapo chini. Baada ya mwezi au miwili airudie kazi hiyo. Ikitakata kama maji ya chemchemi, ndipo itiwe chupani. Ikikaa nusu mwaka huwa njema, na mwaka mmoja huizidishia wema. Ikiachwa wazi hugeuka siki, ambayo nayo ina kazi yake jikoni.

Juu ya sheria yafaa kusema maneno machache. Kuuza kileo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Na mtu asijaribu kuipika divai yake ili akusanye mvuke wake. Hiyo ni moshi, au gongo, nayo imekatazwa na imeua wengi.

7. Neno la mwisho

Ukiyatazama haya yote pamoja, utaona kwamba ustadi wa divai kwa sehemu kubwa ni saburi. Mzee aliyengoja majira ya kurina, akatunza tunda lake kavu, akanywa siku ya jambo, alikuwa ameshika kanuni ile ile ambayo elimu ya sasa yamfundisha mwanafunzi wake: usafi, kipimo, na kungoja. Aliyeziacha kanuni hizo, akauza maji ya sukari ya juzi, alipoteza divai akabaki na ulevi.

Mizinga ingali ikitundikwa Manyoni, Itigi na Mkalama. Lakini majina ya mizizi na matunda yaliyotumiwa na kila kabila, vipimo vya vibuyu, na maneno yaliyosemwa kibuyu kilipofunguliwa, hayo yamo katika vichwa vya wazee, na wazee hupungua kila mwaka. Walimu na vijana wa Singida walio na babu hai wangefanya vema kuketi nao na daftari, wakaandika jina la kila mti katika lugha yake mwenyewe: Kinyaturu, Kinyiramba, Kiisanzu, Kikimbu, Kigogo, Kidatoga. Fuata nyuki ule asali, husema wahenga. Naye afuataye maneno ya warina asali hatakosa kitu cha kuwarithisha wajukuu.